Nafsi ya Zacheus na Mkate wa Kanga

Benchi letu pale Kedowa lilikuwa slipa la reli, lile gogo linalolaliwa na vyuma, lililotupwa na stesheni, likawekwa juu ya mawe mbele ya kibanda cha chai cha Mellen. Ukikaa hapo unaona stesheni upande wa kushoto, soko upande wa kulia, na mbele yako barabara ya murram inayotoka Londiani. Mellen alipika chai ya vumbi, ile inayobaki kiwandani baada ya chai nzuri kupelekwa Ulaya, akaitia maziwa mengi mpaka mtu akasahau vumbi. Mwaka huo wa hamsini na tisa, kila siku ya soko, wenye benchi tulikuwa watatu. Mimi ni fundi wa baiskeli, wananiita Spoku. Ratemo tulimwita Hakimu, kwa sababu aliwahi kuitwa shahidi korti ya Kericho, na tangu siku hiyo hakuna kesi asiyoijua. Wa tatu ni arap Sitonik, ambaye tulimwita Signali. Alikuwa ameinua na kushusha signali za reli karibu maisha yake yote, na aliongea kama mtu anayeamini kwamba akinyamaza treni zitagongana.

Ng'ambo ya barabara, asubuhi hiyo, kulikuwa na kitu cha kuangaliwa. Duka la Zacheus Bosire lilikuwa limepakwa rangi ya buluu iliyoiva, na juu ya buluu hiyo madoadoa meupe kama ya ndege kanga kuanzia mlangoni hadi kwenye mabati. Ndiyo namna ya maduka yote ya Kanga Bekari, kampuni ya mkate ya Nakuru. Kampuni inakupa jina lake, unga wake kwa mkopo, hamira yake, bati zake za kuokea na kofia ya kuvaa. Wewe unaweka nyumba, kuni na jasho. Zacheus alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la chai kwa miaka mingi, na mkate wake ulijulikana mpaka Kipkelion. Meneja aliporudi kwao, Zacheus alijenga tanuri lake la udongo nyuma ya soko, na sasa kampuni ilikuwa imemkubali kuwa wakala wake Kedowa. Unga ulikuwa umeshafika kwa treni na kufungiwa kwenye stoo ya stesheni.

Tulimwona akivuka barabara na karatasi mkononi, amevaa kofia ya kampuni, ya buluu na madoadoa.

— Kanga amekuja, akasema Signali.

— Habari zenu, wazee.

— Njema. Kaa, Zacheus. Mellen, mpatie kikombe.

— Sitakaa. Nataka mniambie hii karatasi inasema nini. Kusoma nimesoma. Kuelewa ndiyo shida. Bwana Mureithi wa kampuni anakuja leo mchana, na amesema nisipoweka saini hapa, stoo ya unga haifunguliwi.

Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno:

— "Sisi wenye duka, kila mmoja kwa nafsi yake na kwa mali yake yote, tunakuwa wadhamini wa duka hili mbele ya kampuni."

Hakimu akaweka kikombe chini.

— Rudia hapo kwa nafsi.

— "Kila mmoja kwa nafsi yake."

— Hiyo ni kesi kubwa, akasema Hakimu.

Signali naye hakutaka kuachwa nyuma.

— Kubwa sana. Mimi hata kule reli sijasikia mtu akiweka nafsi.

— Ngojeni, nikasema. Mdhamini ni nani? Si ni yule anayesimama kwa ajili ya mtu mwingine?

— Ndiyo hapo, Spoku, akasema Hakimu. Kortini mimi nimeona. Mtu anashikwa, ndugu yake anakuja, anasema, mwacheni aende nyumbani, akitoroka nishikeni mimi. Huyo ndiye mdhamini. Sasa hapa Zacheus anamdhamini Zacheus. Maana yake nini? Zacheus akitoroka, watamshika Zacheus.

— Nikiwa nimetoroka watanishikaje?

— Ndiyo maana nasema ni kesi kubwa. Lazima uwe watu wawili. Zacheus anapika mkate, Bosire anakaa nyumbani akingoja kushikwa.

Zacheus alifikiri kidogo, kisha akaketi mwenyewe bila kuombwa tena. Mellen akamwekea chai.

— Na nafsi? akauliza.

— Nafsi ni roho, akasema Mellen. Kila Sabato pasta anasoma. Nafsi yangu, nafsi yako. Si mguu wala mkono.

— Kwa hivyo nikishindwa kulipa unga wanachukua roho?

— Hawachukui mara moja, akasema Signali. Kampuni haina haraka. Wanaiandika tu kwamba ni yao. Mimi nimefanya kazi na mizigo. Mzigo ukishaandikwa Nakuru, hata ukikaa hapa mwaka mzima ni wa Nakuru. Utakuwa unatembea hapa Kedowa, unakunywa chai, unaongea na sisi, lakini wewe ni mzigo wa Nakuru.

— Na siku nikifa?

— Siku ukifa wanakuja na karatasi.

— Wanazika wao?

— Wazike kwa nini? Mwili hawana haja nao. Wanachukua ile waliyoandika. Tena mpishi mzuri kama wewe, usifikiri watakuacha upumzike. Utaamka saa tisa ya usiku kuwasha tanuri kama kawaida. Watu watasikia harufu ya mkate na hawaoni mtu.

Tulicheka mpaka Mellen akamwaga maziwa. Zacheus alicheka pia, lakini kofia aliivua akaiweka magotini.

— Nyinyi mnacheza, akasema. Hebu tuseme nafsi ni maneno tu. Hii ya pili je? "Mali yake yote."

Hapo kicheko kilipungua, kwa sababu mali tunaijua. Zacheus alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, kitanda cha mbao ya mwerezi alichopewa na meneja wakati wa kuagana, baiskeli, sufuria nyingi nzuri, na nyumba ya mabati. Kwa Kedowa ya wakati huo, mtu wa namna hiyo alisalimiwa kwanza.

— Ng'ombe ataenda, akasema Hakimu.

— Na ndama aliye tumboni, akasema Mellen.

— Na yule ambaye huyo ndama atamzaa, akasema Signali. Kampuni haifi. Itangoja.

— Na mahari ya Kwamboka, nikasema mimi. Naungama nilitaka tu kuongeza yangu, ndipo nikaendelea: Binti yako akiolewa, ng'ombe zitakuja kwako, na zikija kwako ni mali yako yote. Kwa hivyo ni ng'ombe za kampuni.

— Basi kampuni itakuja kwa mazungumzo ya mahari, akasema Hakimu. Italeta wazee wake. Watakaa na kofia za madoadoa.

— Watakaa upande gani?

— Upande wa baba. Wao ndio baba.

— Na bwana harusi atanisalimia mimi ama kampuni?

— Kwanza kampuni.

Zacheus alikunywa chai yake yote kwa mara moja, ingawa ilikuwa moto. Nilimwona akiangalia duka lake la buluu. Sijawahi kuona mtu akipenda ukuta namna ile.

— Wazee, akasema, mimi hii duka naitaka. Nimepika mkate wa watu wengine tangu nikiwa kijana. Mgeni anakula, anasema, meneja ana mkate mzuri. Sasa niambieni nifanye nini. Mama Kwamboka hayuko. Amekwenda kumwangalia mama yake huko Nyamira, anarudi leo na basi. Nilitaka akirudi akute stoo imefunguliwa.

Ndipo Signali alipopata wazo lake. Mpaka leo anasema lilikuwa la Hakimu, na Hakimu anasema lilikuwa la Signali.

— Kwetu sisi Wakipsigis, akasema, mtu haweki ng'ombe zake zote boma moja. Unapeleka moja kwa rafiki hapa, moja kwa rafiki kule. Ugonjwa ukija, ama wezi, hawapati zote. Lete ng'ombe kwangu. Kampuni ikija, ng'ombe ni ya arap Sitonik.

Hakimu alisimama.

— Na hiyo ndiyo sheria. Mali yote ya mtu ambaye hana mali ni nini? Si kitu. Weka saini ukiwa huna kitu, Zacheus. Watakuja wakute ukuta.

— Baiskeli nitaficha mimi, nikasema. Nitaitoa gurudumu niiweke katikati ya zile zilizokufa. Hata wewe hutaijua.

— Sufuria nitachukua mimi, akasema Mellen. Sufuria kwa kibanda cha chai, nani atauliza?

— Na kitanda, akasema Hakimu kwa sauti ya chini kidogo, kitanda naweza kukaa nacho.

Hatukungoja. Soko lilikuwa limejaa, na watu wa Kedowa waliona jambo ambalo walilisimulia miaka mingi baadaye. Signali alitangulia na ng'ombe akielekea kwake ng'ambo ya mto, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba huyo ni ng'ombe wake wa zamani. Mellen alifuata na sufuria zimepangwa kichwani. Mimi nilisukuma baiskeli. Nyuma kabisa Hakimu na Zacheus walibeba kitanda, godoro na mito ikiwa juu yake, wakipita katikati ya wauza viazi kama watu wanaopeleka mgonjwa hospitali. Mama mmoja alivua kitambaa kichwani akatoa pole. Zacheus akamwambia ahsante, akaendelea kubeba.

Alirudi nyumbani kwake mara moja kuangalia kama kuna kilichobaki. Aliporudi kwenye benchi alikuwa anacheka peke yake.

— Hakuna kitu, akasema. Nimesimama katikati ya nyumba nikaongea, sauti ikanirudia. Sasa mimi ni mtu mwepesi sana. Hata upepo ukija hauna la kuchukua.

— Imebaki nafsi, akasema Mellen.

— Hiyo tumpatie pasta aishike mpaka Sabato, akasema Hakimu.

Hakimu mwenyewe alikuwa amechoka. Kitanda cha mwerezi si mchezo, na nyumba yake iko juu kilimani. Alikuwa amekiweka chini kando ya benchi letu ili anywe kikombe kimoja kwanza. Signali akarudi kutoka ng'ambo ya mto, viatu vikiwa na matope, na tukawa tumekaa hivyo, kitanda kando yetu, tunasikia raha ya watu waliofanya kazi ya maana, gari dogo la kampuni liliposimama mbele ya duka la buluu.

Bwana Mureithi alikuwa kijana mwembamba mwenye tai, mwenye adabu, mtu wa Nyeri aliyekulia Nakuru. Alisalimia kila mmoja wetu kwa mkono, hata Mellen.

— Bwana Zacheus, duka limependeza. Sasa ni kazi ndogo tu. Nione mali ya wadhamini, halafu tuweke saini.

— Uone mali?

— Ndiyo. Lazima nione kwanza kuna kitu. Kampuni haiwezi kumwamini mtu kwa maneno. Tuanze na ng'ombe.

Zacheus aliizungusha kofia mikononi.

— Sina ng'ombe, akasema Zacheus.

— Nilipokuja mara ya kwanza ulinipa maziwa.

— Yalikuwa ya ng'ombe.

— Ng'ombe yuko wapi?

Zacheus alimwangalia Signali. Signali aliangalia reli.

— Basi, twende nyumbani nione vyombo.

— Sina vyombo.

— Baiskeli?

— Imekufa, nikasema mimi haraka.

Mureithi aliangalia huku na huku. Macho yake yalifika kwenye kitanda, yakakaa hapo, yakaenda kwa Zacheus. Hakuwa mjinga. Aliifunga kalamu yake taratibu.

— Bwana Zacheus, mimi nimekutetea sana kule. Nimewaambia, huyu ni mtu wa maana, ana nyumba, ana ng'ombe, haendi mahali. Sasa nirudi niseme nini? Mtu asiye na kitu hapewi duka. Nikiondoka hivi, unga unarudishwa na treni ya jioni.

Zacheus aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, lakini saa hiyo alionekana kama amekaa. Akamgeukia Hakimu.

— Umesema wakute ukuta.

— Nilisema ukisaini kwanza, akasema Hakimu. Si kabla.

Ndipo basi la Kisii lilipofika na kusimama pale sokoni. Alishuka mwanamke mmoja na kikapu cha ndizi, akavuka moja kwa moja kuja kwetu. Alikuwa Marcella, mke wa Zacheus, ambaye sisi tulimwita Mama Kwamboka. Hakuwahi kukaa kwenye benchi letu hata siku moja. Hakukaa siku hiyo pia. Alikaa kwenye kitanda.

— Karibu, Mama Kwamboka, akasema Zacheus. Mama hajambo huko?

— Hajambo kidogo. Unanikaribisha kwa kitanda changu?

Marcella aliuvuta mto akaupangusa vumbi.

— Nilikiona kwa dirisha ya basi, akasema. Nikajiambia, kuna mtu ana kitanda kama chetu. Halafu nikaona mto niliyoshona mwenyewe. Sasa niambieni nani amekufa.

Zacheus akamweleza yote: karatasi, nafsi, ng'ombe, sufuria, gurudumu. Alieleza bila kujificha, na kadiri alivyoeleza ndivyo sisi watatu tulivyopata kazi ya kuangalia miguu yetu. Marcella hakupiga kelele. Zacheus alipofika kwenye habari ya pasta kushika nafsi mpaka Sabato, mabega ya mkewe yalitikisika, na hatukujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Kisha akajipangusa uso na kumwangalia Mureithi.

— Bwana, hii nafsi ni nini?

— Si roho, mama. Ni namna ya kuandika tu. Maana yake ni nyinyi wenyewe, wewe na bwana yako, si duka peke yake. Duka likishindwa kulipa unga, kampuni inaweza kuja mpaka nyumbani.

— Na mimi nasaini?

— Wenye duka ni nyinyi wawili. Nafasi ya jina lako iko hapo chini.

Marcella akamwangalia Zacheus kidogo, akarudi kwa Mureithi.

— Sawa. Duka likianguka, nyumba yetu inaanguka nayo. Hiyo nimeelewa. Sasa kampuni ikianguka je? Mlete unga mbaya, watu wakatae mkate, tukose.

— Kampuni ikianguka, imeanguka yenyewe.

— Na mwenye kampuni siku hiyo analala wapi?

— Nyumbani kwake, nafikiri.

— Kwa kitanda yake.

— Ndiyo, mama. Sheria inasema kampuni ni kitu peke yake, na mwenyewe ni mtu peke yake. Huwezi kumfuata nyumbani.

— Na sisi duka si kitu peke yake?

— Kwa hii karatasi, hapana.

— Basi upande wenu ni nani amesaini kwa nafsi yake?

Mureithi alishika tai yake kama inambana. Akatuomba ruhusa, akaenda stesheni kupiga simu Nakuru.

Alipokuwa huko, Marcella alimgeukia mumewe. Walikaa wote wawili kwenye kitanda, na sisi tukiwa karibu sana hatukuwa na namna ya kutosikia.

— Unaitaka hii duka?

— Naitaka.

— Hata jina si lako. Ni la kanga.

— Mkono ni wangu.

— Unaogopa?

— Sana.

— Mimi pia. Lakini kilichoniumiza si kampuni, Baba Kwamboka. Kampuni siijui. Nimeumia kuona umewauliza hawa wote, na mimi niliye na kitanda pamoja na wewe hukuningoja mpaka basi ifike.

Zacheus aliinamisha kichwa. Alichukua kile kikapu cha ndizi kutoka magotini kwa mkewe akakishika yeye.

— Nisamehe, akasema. Nilitaka ukute imeisha.

— Karibu nikute nyumba ndiyo imeisha.

Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko cha watu waliooana zamani.

Mureithi alirudi akipumua kwa haraka.

— Nimeongea na mkubwa. Amekuwa mkali, lakini amekubali jambo moja. Nyumba na kitanda anaweza kuviacha, dhamana iwe kwa ng'ombe na vitu vya dukani tu. Lakini hapo anataka mtu wa tatu asaini pamoja nanyi. Mtu wa hapa Kedowa, mwenye mali yake, anayewajua.

Marcella alisimama. Alitugeukia sisi wa benchi, na hakukuwa na hasira usoni kwake. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

— Nyinyi ni marafiki zake, akasema. Asubuhi mlijua pa kuficha ng'ombe, baiskeli, hata nafsi. Nani kati yenu atasaini na sisi?

Mellen akaanza kusuuza kikombe kilichokuwa kisafi. Signali akatazama barabarani kama mtu anayengoja treni ipite huko. Mimi nilikuwa na spana mfukoni. Niliitoa, nikaanza kukaza nati ya baiskeli ya mtu, nati ambayo haikuwa imelegea. Hakimu alisafisha koo.

— Kisheria, akasema, mtu wa tatu...

— Sikuuliza sheria, Mzee Ratemo.

Hakimu aliinua kikombe chake akanywa. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na niliona hakikuwa na kitu ndani. Alikunywa hivyo kwa muda mrefu.

Marcella alingoja kiasi cha heshima. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

— Basi ni sisi wawili, akamwambia Mureithi. Lakini sikiliza, bwana. Andika ng'ombe, andika vitu ya duka. Nyumba na kitanda futa. Kama mkubwa hataki, mwambie unga wake uko kwa stesheni ya Kedowa, stoo inavuja, na wingu lile unaliona. Tanuri ni yetu peke yake kutoka hapa mpaka Londiani.

Mureithi aliangalia wingu. Kweli lilikuwa limekaa juu ya misitu, jeusi. Akaangalia lile duka la buluu, halafu karatasi. Akaiweka juu ya slipa letu katikati ya vikombe, akafuta maneno ya mali yote, akaandika juu yake kwa mkono wake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Pembeni ya mstari aliofuta aliandika jina lake lote, akatia saini.

— Wataniuliza kule ni nani amebadilisha, akasema. Nitasema ni mimi, na nina hakika na hawa watu. Wakitaka kufukuza mtu, watafukuza mimi. Umeuliza nani amesaini upande wetu, mama. Sasa yuko mmoja.

Marcella alimtazama kijana yule. Akachagua ndizi kubwa kuliko zote kikapuni akampa. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, na kumpa Zacheus, naye akaandika la kwake chini ya la mkewe.

Stoo ilifunguliwa kabla mvua haijashika. Unga tuliubeba sisi, mimi na Hakimu na Signali, mgongoni, mbio, gunia baada ya gunia, na hatukuombwa. Tukarudisha na ng'ombe, na sufuria, na gurudumu nikalirudisha mahali pake. Kitanda Hakimu alikibeba upande mmoja bila kusema kitu chochote cha korti.

Nakuru walinung'unika, Mureithi alitueleza baadaye. Walimwita, wakamkalisha kitini, wakamuuliza maswali mengi. Halafu hesabu za Kedowa zikaanza kufika, wakanyamaza. Watu walikuwa wakishuka treni kununua mkate wa Zacheus, na dereva wa treni alijifunza kungoja.

Lakini hayo ni ya mbele. Mkate wa kwanza ulitoka Ijumaa ya wiki ile, asubuhi, moto. Tulienda sisi watatu na Mellen, tukasimama nje ya duka la madoadoa, kila mmoja amemtanguliza mwenzake, kwa sababu hatukujua tutapokelewaje. Marcella alitokea mlangoni amevaa kofia ya buluu. Alituangalia mmoja mmoja. Akarudi ndani, akatoka na mkate mzima juu ya ubao, akaukata vipande vinene, mvuke ukipanda.

— Mnataka na siagi? akauliza.

Hilo tulilijibu wote pamoja.